Chema Chajiuza, Lakini kwa Jina la Nani?

Ndugu msomaji, wahenga walituachia usemi kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeuamini usemi huo tangu utotoni, na hata leo sina nia ya kuubeza. Lakini hivi karibuni niliingia katika duka moja la nafaka jijini Dar es Salaam, nikakuta jambo lililonifanya niutafakari upya.

Palikuwa na vichungu vinne vya mchele, na juu ya kila kimoja kimechomekwa kipande cha kadibodi chenye jina. Nikauliza habari za kile kilichoandikwa MBEYA, maana harufu yake ilinikumbusha nyumbani kwa mdogo wangu. Muuzaji akanijibu bila haya: “Huu ni wa Kilombero, mzee wangu. Lakini wateja wa mtaa huu wakiliona jina la Mbeya hawaulizi zaidi.”

Sina ugomvi na mchele wa Mbeya. Sifa yake ni ya haki na imetokana na jasho la wakulima wake. Nililoliwaza ni jingine. Mchele ule ulikuwa mwema, na kweli ulikuwa ukijiuza. Ila ulikuwa ukijiuza kwa jina la mtu mwingine.

Mdogo wangu na mkewe wanaishi Mkula. Kwa msomaji asiyekijua, kijiji hicho kipo kando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara, ukishapita Kidatu na kabla hujafika Mang’ula. Upande mmoja imesimama milima ya Udzungwa, ambayo tangu mwaka 1992 ni Hifadhi ya Taifa. Upande wa pili limetandaa bonde la Kilombero. Maji ya milimani hushuka na kuingia katika mifereji ya mashamba ya mpunga. Ni kazi ya watu wasioogopa tope: kusafisha mfereji, kupanda miche, kupalilia, kuwinga ndege alfajiri, kuvuna na kupiga.

Baada ya taabu yote hiyo, mpunga huondoka kijijini vipi? Huondoka ndani ya gunia lisilo na neno hata moja. Mara nyingi gunia lenyewe ni lumbesa, yaani limejazwa kupita mdomo wake na kushonewa kilemba, ingawa Sheria ya Vipimo hairuhusu ufungashaji wa namna hiyo. Gunia likishapanda lori, hakuna awezaye kusema limetoka Mkula, Kiberege au Mngeta. Limepoteza kabila, ukoo na jina. Atakayelipa jina huko mbele ndiye atakayelipwa kwa jina hilo.

Nilipowatembelea baada ya mavuno, niliwakuta wenyeji wangu katika ubishi wa heshima, lakini ubishi hasa. Binti yao alikuwa akijiandaa kwenda chuo, na fedha zilihitajika. Mdogo wangu alitaka kuuza mpunga wote shambani kwa mnunuzi aliyekwisha kuja na fedha mkononi. Shemeji yangu alitaka sehemu ya mpunga ikobolewe, ipepetwe, ipakiwe katika mifuko ya kilo tano yenye jina na picha, na iuzwe kwa kaya za Morogoro na Dar es Salaam.

“Kaka,” mdogo wangu akanigeukia, “mwambie shemeji yako kwamba watu hawali picha.”

“Shemeji,” naye akanijibu mimi badala ya mumewe, “mwulize ndugu yako, mbona sabuni anainunua kwa picha?”

Ndugu msomaji, sikutoa hukumu siku ile. Lakini swali la shemeji limenifuata mpaka kwenye safu hii, na Jumapili hii ningependa tulizungumze pamoja, kwa kuwa linahusu mfuko wa kila nyumba inayozalisha kitu kwa mikono yake.

Wengi wetu tunapolisikia neno ubunifu katika biashara, tunafikiri ni urembo: rangi za kung’aa, maua pembeni, herufi zilizopinda. Kumbe chapa ya bidhaa, kabla ya kuwa pambo, ni ahadi. Inamwambia mnunuzi: hiki ulichokipenda jana, leo ni kile kile, na kikikuudhi unajua wa kumlaumu. Bidhaa isiyo na jina haiwezi kulaumiwa. Kwa sababu hiyo hiyo haiwezi kusifiwa wala kutafutwa tena.

Elimu hii si ngeni kwetu, wala haikuletwa na simu. Tazama kanga ambazo mama zetu wameziweka sandukuni. Mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye duka lake lilianza mwaka 1887, alijulikana kwa wateja kwa jina la Abdulla. Basi kanga zake zikapigwa chapa: K.H.E., Mali ya Abdulla. Maneno hayo machache yalimtosha mama wa Lamu, Unguja au Tanga kujua kwamba nguo anayoishika ni ile aliyoizoea. Mchoro ulimvutia jicho, jina likamhimiza msemaji, na alama ikamhakikishia kwamba hakudanganywa. Hayo matatu, mchoro, jina na alama, ndiyo mhimili wa biashara hata leo.

Tena hatuna haja ya kwenda mbali na Mkula. Jirani tu, huko Kidatu, kuna viwanda vya Kampuni ya Sukari Kilombero, na sukari yake hupakiwa katika mifuko yenye jina la Bwana Sukari. Miwa hupimwa kwa tani na haina jina. Sukari ikitoka na jina, mtoto anayetumwa dukani hulitaja bila kukosea. Bonde ni moja, maji ni yale yale. Mfuko uliofika dukani una uso, na gunia la mpunga halina.

Sasa nikusimulie jambo litakalokushangaza. Jina la Kilombero limekwisha kusafiri kuliko wakulima wake wengi. Huko Karonga, kaskazini mwa Malawi, wakulima hulima mpunga wenye harufu nzuri uitwao Kilombero, mbegu ambayo asili yake ni bonde letu hili. Mchele huo wa Malawi ulipelekwa mpaka Uskoti, na kuuzwa na asasi ya biashara ya haki iliyoitwa Just Trading Scotland, huku jina la Kilombero likisomeka kwenye pakiti.

Asasi hiyo ilibuni njia ya kuutangaza ambayo ni somo kwetu. Iliziambia shule, makanisa na vikundi vya huko kwamba mkulima akiuza kilo 90 za mchele, anapata fedha za kumsomesha mtoto mmoja sekondari kwa mwaka mmoja. Hivyo watu wakaalikwa kushindana kuuza kilo 90. Tazama ubunifu uliopo hapo! Hakuna picha ya ajabu wala maneno makubwa. Ipo hesabu moja inayoeleweka, inayouunganisha mfuko wa jikoni na dawati la mtoto. Mnunuzi ananunua chakula, na wakati huo huo anajua chakula chake kinafanya kazi gani.

Simlaumu mkulima wa Karonga. Ni ndugu yetu, mbegu aliitunza, na shida zake ni zetu. Lakini mama wa Mkula ana haki ya kujiuliza: ikiwa jina la bonde langu limeweza kuuza mchele Uskoti, mbona halijauza wangu Morogoro?

Waethiopia walijiuliza swali kama hilo kuhusu kahawa. Mwaka 2005 Serikali yao iliomba kusajili nchini Marekani majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe, ambayo ni majina ya sehemu zinakolimwa kahawa yao maarufu. Palizuka mvutano mkali na kampuni ya Starbucks, na mwaka 2007 pande hizo mbili zikafikia makubaliano. Fundisho lake ni kwamba jina la mahali ni mali, kama shamba lilivyo mali. Na shamba lisilowekewa mipaka, jirani hulipanda.

Turudi Mkula. Shemeji yangu alikubaliwa magunia matatu kwa majaribio. Ningependa kukuambia kwamba alifaulu mara moja, lakini nitakuwa nakudanganya. Mfuko wake wa kwanza ulikuwa kichekesho. Aliyemchorea aliokota picha kwenye mtandao: bakuli la kioo, uma unaometameta, na mama wa kigeni akitabasamu. Maneno yote yalikuwa ya Kiingereza. Uzito uliandikwa kwa herufi ndogo mno, na namba ya simu ilifutika kwa jasho la kiganja.

Mteja mmoja wa Morogoro alimwambia jambo lililomkata maini: “Dada, niliupita dukani mara mbili nikidhani ni mchele wa kutoka nje.” Yaani mwanamke aliyelima kwa mikono yake chini ya Udzungwa alikuwa amelipa fedha zake kumficha mkulima, naye ndiye mkulima mwenyewe.

Kisha likaja kosa la pili, nalo lilikuwa baya zaidi. Mchele ulikobolewa kwa haraka kabla mpunga haujakauka vizuri, ukatoka chenga nyingi; na katika mifuko miwili zikaonekana changarawe. Ikiwa gunia lisilo na jina lina changarawe, mlaji hutema na kusahau. Mfuko wenye jina ukiwa nazo, hulitema na jina. Mdogo wangu alicheka siku ile, na nadhani hakupaswa kucheka. Hata hivyo alimsaidia mkewe kuanika turubai na kuurudia upya mpunga uliobaki, na nidhamu hiyo ya kukausha, kupepeta na kuchambua ndiyo iliyokuwa ubunifu wao wa kwanza wa kweli.

Mfuko wa pili ulichorwa na binti yao kwa kalamu ya risasi, mezani, baada ya chakula cha usiku. Mistari mitatu ya milima, mstari mmoja wa mfereji, na suke moja la mpunga lililoinama. Rangi moja tu, ya kijani, kwa kuwa kila rangi huongeza gharama ya uchapaji. Juu yake neno moja kwa herufi nene: MKULA. Chini yake, kwa Kiswahili, mambo ambayo mpishi hutaka kuyajua: aina ya mbegu, mwezi uliokobolewa, uzito kamili na namba ya simu. Mteja mmoja aliuliza kama mkula maana yake ni mlaji. Wakacheka wote, lakini jina likawa limekwisha kumkaa kichwani.

Hapo penye aina ya mbegu niseme kidogo. Wakulima wa bonde hili hulima Supa, mpunga wa siku nyingi unaopendwa kwa harufu yake. Hulima pia SARO 5, mbegu iliyotolewa mwaka 2002 na watafiti wa kituo cha KATRIN, Ifakara, ambayo huzaa vizuri na ina harufu ya kiasi. Kila moja ina sifa yake. Lakini kuandika Supa juu ya mfuko wa SARO ni wizi, hata kama herufi zimepambwa vipi. Tulimlaumu muuzaji wa Dar es Salaam kwa kibao chake. Na sisi tusichonge kibao chetu wenyewe.

Baada ya mfuko ikaja kazi ya simu. Siku hizi duka kubwa kuliko yote limo kiganjani. Shemeji alianza na kundi dogo la WhatsApp la jamaa na waumini wenzake walioko mijini. Baadaye binti akamfungulia ukurasa wa Instagram. Malipo hupokelewa kwa simu, utaratibu tuliouzoea tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na mzigo hupelekwa kwa basi.

Nilimwuliza ni picha gani huvuta wateja zaidi. Nilitarajia aniambie ile ya sahani ya pilau. Akasema, “Shemeji, ni ile ya mikono yangu ikichambua mchele kwenye ungo.” Nikaelewa. Sahani ya pilau kila mtu anaweza kuiokota mtandaoni. Mikono ile na ungo ule ni vyake, na mtu aliyeko ghorofani mjini anapoviona, anaamini kwamba changarawe zimetafutwa. Baadaye muuzaji mmoja aliichukua picha hiyo akaiweka kwenye tangazo lake. Binti akajifunza kuandika jina la Mkula pembeni mwa kila picha kabla ya kuituma.

Pana adabu za biashara ya mtandao ambazo yafaa tuzishike. Bei isemwe wazi, isiwe siri ya kunong’onezwa. Mteja aliyelalamika mbele ya watu ajibiwe mbele ya watu, kwa upole. Namba za wateja ni amana; zisigawiwe kwa watu wengine. Na asiahidiwe mtu mchele ambao bado umo shambani ukisubiri mvua.

Wako watakaouliza habari za sheria. Kwa Tanzania Bara, alama za biashara husajiliwa na BRELA chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Usajili wa kwanza hudumu miaka saba, kisha huhuishwa kwa miaka kumi kumi. Zanzibar ina sheria na msajili wake, kwa hiyo anayetaka kulindwa pande zote mbili asajili kote kuwili. Kusajili jina la biashara peke yake si kusajili alama. Wengi huchanganya mambo haya mawili na kujuta baadaye. Ubora wa chakula kilichofungashwa husimamiwa na TBS, na SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, husaidia wajasiriamali kuanza safari hiyo.

Lakini nisije nikamdanganya msomaji kwamba kila kaya ikimbilie kuchapisha mifuko. Hesabu ni hii. Gunia la kilo 100 za mpunga hutoa takriban kilo 60 hadi 65 za mchele, yaani mifuko kumi na miwili au kumi na mitatu ya kilo tano. Ondoa gharama ya kukoboa, mifuko, uchapaji na nauli. Ondoa pia siku za kusubiri mteja, ilhali mnunuzi wa gunia hulipa leo. Hofu ya mdogo wangu haikuwa ujinga. Ilikuwa hofu ya mzazi mwenye ada ya kulipa, na ubunifu usioheshimu hofu hiyo huvunja nyumba.

Ndiyo maana naona jambo hili lingefaa zaidi likifanywa kwa pamoja. Neno Mkula si la shemeji yangu peke yake, wala halipaswi kuwa la mtu wa mjini atakayetangulia kulisajili. Wakulima wanaogawana maji ya mfereji kwa zamu wanaweza pia kugawana jina kwa utaratibu: mchele ukaushwe kiasi gani, chenga zisizidi kiasi gani, nani akague, na anayechanganya afanywe nini. Mfereji ukizibwa na mmoja, mashamba yote hukauka. Jina nalo likichafuliwa na mmoja, wote hukosa soko. Kijiji kinachoweza kulinda maji kinaweza kulinda jina.

Je, ubishi wa wenyeji wangu uliishaje? Haukuisha kwa kelele. Msimu uliofuata, mnunuzi alipokuja na lori lake, mdogo wangu alimwuzia sehemu kubwa ya mpunga, maana chuo hakisubiri. Lakini kabla ya gunia la kwanza kupandishwa, alitenga magunia kumi ukutani. Mnunuzi akauliza kama hayo nayo yanauzwa.

“Hayo hapana,” mdogo wangu akajibu. “Hayo yana jina.”

Shemeji alikuwa jikoni, akajifanya hakusikia.

Basi, ndugu msomaji, usemi wa wahenga ungali wa kweli: chema chajiuza. Lakini kabla hujakitoa mlangoni, kipe jina lako, na ndani yake weka kitu ambacho hutaona haya kuitwa kwacho. Nyumbani kwako mnatengeneza nini, na kinaondoka kwa jina la nani? Lizungumzeni jioni ya leo, baba, mama na watoto, na kalamu ya risasi iwepo mezani.